Mafuta ya Nazi Kwenye Taipu ya Ofisi

Mwanangu Rukia,

Asalaam aleikum. Barua za watu huanza kwa kusema sisi huku hatujambo, na mimi kazini nimezipiga chapa za namna hiyo mpaka vidole vikafa ganzi. Hii sitaianza hivyo. Umetoka sasa hivi kwenda kuaga majirani, shangazi yako amejilaza ndani, na mimi nimekaa hapa barazani tangu tuliposwali alasiri, najaribu kuandika jambo ambalo miaka kumi limenishinda kulisema.

Kesho unapanda basi la Dar, na kutoka huko unakwenda chuoni kusomea uhazili. Mambo ya mavazi, ya kuchagua marafiki, ya kutopokea chai ya mtu usiyemjua, shangazi yako amekuja kutoka Milola kukueleza hayohayo, na kesho asubuhi atakueleza tena, maana yeye hachoki. Mimi sina la kuongeza hapo.

Langu mimi ni lile ulilosema jana kwenye dua ya kukuaga. Watu wangali wanakula, mwalimu amekwisha kukuombea, ukaulizwa una neno gani. Ukasema, "Nataka niwe kama baba. Baba alipiga orodha ya kumwokoa mama na mdogo wangu. Isingekuwa uzembe wa tarishi, mdogo wangu angekuwa hai leo." Watu wakaitikia, wengine wakanitazama kwa huruma. Mimi nikainamia sahani nikaendelea kula. Hilo ndilo linalonichoma mpaka sasa, kwamba nilikula na chakula kikashuka.

Tarishi hakuchelewa, Rukia. Nilichelewa mimi. Ukimaliza kusoma karatasi hizi huenda kesho ukaondoka hapa huna baba, wala sitakulaumu. Lakini siwezi kukuacha uende kujifunza kazi yangu kwa ajili ya uongo wangu.

Nianze na mashine, kwa kuwa utakutana nayo.

Ile taipu nyeusi ya ofisi ya tarafa unaijua. Ilikuwapo tangu wakati wa Mwingereza, na tulipopata Uhuru wao wakaenda, yenyewe ikabaki, na hapakuwa na mtu wa kuigusa ila mimi, kijana niliyejifunza kwa kuchungulia. Ulikuwa ujinga mtamu sana ule. Watu waliokuja kwa shida zao walisimama dirishani kusikiliza ikilia, na wazee niliopaswa kuwapa shikamoo wakaanza kuniita bwana karani. Mama yako Somoe alinicheka. Alikuwa akisema, "Ukifa utazikwa na hilo likitu lako." Mimi nilijiona mtu mzito. Nikiandika barua kwa kalamu, ni barua ya Hamisi. Nikiipiga kwa taipu, ni barua ya Serikali. Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Sasa, mashine yoyote ya pwani huliwa na chumvi. Hewa yetu ina chumvi, na msimu wa korosho vumbi huingia kila mahali. Mwaka ule wa Operesheni Vijiji vitufe vilianza kuwa vizito. Dawa yake ni mafuta mepesi ya cherehani, tone moja moja, na kabla ya hapo unasafisha. Dukani hayakuwapo. Duka la ushirika lilikuwa na majembe na chumvi basi. Mimi, mtaalamu, nikachukua chupa ya mama yako ya mafuta ya nazi, yale ya kupaka nywele, nikaenda nayo ofisini, nikaimiminia mashine ya Serikali. Ilikuwa miezi ya joto. Vitufe vikateleza, nikajisifu kwa Katibu wa tarafa, Katibu naye akanisifu.

Ukaja mwezi wa saba na baridi yake. Unajua mwenyewe asubuhi za mwezi wa saba, mtu anajifunika mpaka jua lipande.

Mama yako alikuwa amejifungua mdogo wako Shabani, na kama ada yetu ilivyo alikuwa kwa mama yake, kule shambani kwenye mikorosho, ndani, akitimiza arobaini yake. Wewe ulikuwa naye huko ukimsaidia bibi kuchemsha maji. Na wakati huohuo ikaja amri kwamba watu wote wa mashambani wahamie kijiji kipya kando ya barabara, magari yatapita kuwachukua. Mimi sikuipinga amri ile, usije ukadhani nilikuwa shujaa. Mimi ndiye niliyepiga chapa matangazo yake.

Lakini Katibu wetu alikuwa mtu mwenye utu. Jumatano asubuhi aliniita akaniambia, "Karani, nimezungumza na mkuu wa magari. Wazazi walio kwenye arobaini na wagonjwa wasioweza kukaa wataachwa kwanza, wachukuliwe mwishoni nyumba zikisimama. Anataka orodha. Aipate kule kambini kwake kesho jioni kabla hajawagawia madereva kazi, kwa sababu Ijumaa alfajiri wanaondoka." Akaniwekea mezani vikaratasi vya mabalozi wa nyumba kumi. Nyumba zilikuwa tisa. Ya bibi yako ilikuwa ya nne. Kisha Katibu akasafiri, mimi nikabaki na tarishi.

Tarishi alikuwa Mzee Chande. Huyo unayemjua wewe, wa maneno ya watu, ni mwingine. Huyu wangu alikuwa mtu mrefu mkimya, mwenye baiskeli aliyoitunza kuliko nilivyotunza mimi mashine.

Nikakaa, nikatia karatasi tatu na kaboni mbili katikati, nikaanza. Kitufe cha kwanza kikazama kisirudi. Nikakiinua kwa kucha. Cha pili kikazama, na kijimkono chake cha herufi kikapanda nusu kikasimama hewani kama mtu aliyesahau alichotumwa. Nikapiga vitufe vyote kimoja baada ya kingine. Zaidi ya nusu havikuitika. Nikasema, springi zimechoka. Nikaipindua mashine nikaitikisa, zikatoka korosho mbili zilizooza na mende mkavu. Nikasema, basi ni uchafu. Nikapuliza, nikasugua kwa unyoya wa kuku. Hakuna. Nikautoa utepe wa wino nikaurudisha, kana kwamba utepe ndio unaoinua herufi.

Saa sita mchana vitufe vikaanza kwenda. Vyenyewe tu, pole pole, halafu vizuri. Nikafurahi nikadhani ule unyoya ndio uliotibu. Nikapiga nyumba nne, na ya nne nikaiona ina herufi zilizopanda juu ya nyingine. Ingetosha, ilisomeka. Lakini nilikuwa Hamisi, mwenye mashine. Nikaichana, nikasema kesho asubuhi nitapiga safi. Na kabla ya kufunga ofisi, ili kesho iamke vizuri, nikaiongezea mafuta ya nazi.

Ukisoma hapa nataka upumzike kidogo uelewe nilichofanya, maana mimi imenichukua siku nyingi kukielewa.

Alhamisi asubuhi palikuwa na baridi na ukungu. Mashine ilikuwa imekufa kabisa, hakuna kitufe hata kimoja kilichokubali. Mzee Chande alifika mapema, akaegemeza baiskeli ukutani, akasimama mlangoni.

"Bwana karani, niende?"

"Bado. Mashine inasumbua."

Akangoja. Jua likapanda kidogo. Akaja tena.

"Bwana karani, njia ina mchanga, nami si kijana. Nikitoka saa hizi nafika mapema. Andika kwa peni, bwana. Majina tisa tu."

"Karatasi ya mkono nani ataisoma kule, Mzee Chande? Wataifungia vitumbua."

Akanitazama. Kisha akanyoosha kidole mezani. "Na hizi za mabalozi? Zina majina yote. Zipige mhuri nizichukue hizihizi."

Vilikuwa pale, Rukia. Vikaratasi tisa vya mkono, vinasomeka, na mhuri ulikuwa kwenye saraka ya meza chini ya mkono wangu wa kuume. Kazi ile isingenichukua muda wa kunywa chai. Nikamjibu, na maneno yangu nayakumbuka yote: "Mzee, wewe kazi yako ni baiskeli. Ya ofisi niachie mimi."

Akaenda kukaa kwenye ngazi.

Vitufe vilipoanza kulainika jua lilikuwa kichwani. Nikapiga taratibu, nikakosea, nikaanza upya. Nilipoigonga mhuri orodha ile, safi, haina doa, nakala tatu, waadhini walikuwa wamekwisha kuadhini alasiri. Mzee Chande aliipokea akaikunja akaitia kifuani, akapanda baiskeli akaondoka kwa kasi ambayo sikujua anayo. Alifika jua limezama. Madereva walikuwa wamekwisha kupewa karatasi zao, na mkuu wa magari amekwenda kambi nyingine. Mzee aliwaomba. Nasikia aliwaomba mpaka wakamfukuza.

Yaliyofuata unayakumbuka kuliko mimi, kwa kuwa wewe ulikuwapo. Ulikuwa na miaka minane. Umepata kunisimulia ulivyopandishwa garini ukakalishwa juu ya kinu, na bibi anagombana na askari kuhusu kuku wake, na mama yako anatolewa ndani amejifunga khanga tatu, siku ya kumi na saba ya arobaini yake, uso umevimba, anauliza, "Baba Rukia yuko wapi? Si aliandika?" Ulinisimulia ukiwa mdogo, hujui unachonifanyia.

Kule kijiji kipya palikuwa na vigingi na kamba. Hapakuwa na ukuta hata mmoja. Bibi yako alisimamisha mikeka mitatu akaezeka matawi ya mkorosho, na upepo wa mwezi wa saba ukapita humo utakavyo. Nilifika Jumamosi. Shabani alikuwa ameanza kukohoa. Bibi yako alikuwa anakuna muhogo, akanitazama bila kuinuka, akaniuliza, "Ile orodha ilikuwaje?"

Nikasema, "Chande alichelewa."

Sikukusudia. Nilikuwa njiani naja nikijiandaa kusema kweli, nimeyapanga maneno, hata nimeyarudia kwa sauti porini. Kinywa kikafunguka yakatoka mengine. Na yalipotoka nikaona uso wa mama yako umelainika. Akasema, "Nilijua. Nilijua wewe hungeniacha." Baada ya hapo ningeyarudishaje?

Siku ya nane tangu mhamishwe tukamzika mdogo wako. Husemwa majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu hayakungoja hata arobaini iishe.

Nilirudi kazini. Mchana mashine ikaenda vizuri, asubuhi ikagoma, mchana ikaenda. Nikawa naitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyemuuma. Kisha nikaja nyumbani siku mbili, na asubuhi nikamwona mama yako anatoka na ile chupa yake. Mafuta yalikuwa meupe ndani, yameganda magumu. Akaiweka juu ya jiwe juani, akakaa kungoja, akiwa hana haraka, hana mtoto wa kumnyonyesha. Jua lilipoipata, mafuta yakayeyuka, akajimiminia kiganjani.

Alifanya hivyo kila mwaka, kila mwezi wa saba. Mama yangu alifanya hivyo. Hakuna mwanamke wa pwani hii asiyejua kwamba mafuta ya nazi huganda kwa baridi, na hakuna mtoto wa kike anayesukwa asiyetumwa kuianika chupa. Nimelala nyumba moja na jambo hilo maisha yangu yote. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikipeleka mwenyewe ofisini, nikakimimina, na kilipokula nikakiongeza.

Nikarudi, nikaomba petroli kidogo kwa dereva, nikachukua mswaki, nikasafisha kila kijimkono mpaka chuma kikang'aa. Vitufe vyote vikaitika, na havijagoma tena mpaka leo. Kila asubuhi ya baridi nakaa mbele yake, napiga, nayo inaandika, na hiyo ndiyo adhabu niliyopewa.

Kwa hiyo kitufe kikigoma chuoni, nitakwambia ninachokijua, ambacho si kikubwa. Angalia kwanza ni kimoja au ni vingi. Kimoja kina ugonjwa wake; vingi vikigoma pamoja, kuna kitu umevifanyia. Angalia kinagoma kushuka au kinagoma kurudi. Angalia saa. Kitu kinachopona mchana na kuugua asubuhi kinakueleza habari, na mimi kilinieleza siku mbili mfululizo nikawa najisifu. Usiongeze kitu kabla hujatoa ulichotia. Na ukiona mtu anangoja na wewe hujui ugonjwa, iache mashine ushike kalamu. Watakucheka. Mimi niliogopa hicho tu, kuchekwa na watu ambao hata nyuso zao sikuzijua.

Sasa Mzee Chande.

Maneno yangu yalitembea. Hayakupita majuma mawili kila mtu akawa anasema tarishi ndiye aliyewaponza wale wa nyumba tisa, na wengine wakaongeza kwamba alipitia pombeni, mtu ambaye hakupata kuonja. Akaondolewa kazini. Mimi ndiye niliyeipiga chapa barua ya kumwondoa, na vitufe havikugoma hata kimoja. Alikuja kuichukua. Tulikuwa wawili tu ofisini.

"Ulisema mimi," akaniambia.

Nikamsogezea barua.

"Sikubishii. Umezika mtoto juzi, na mimi sibishani na mtu mwenye udongo mkononi. Lakini salamu yako sitaipokea tena, Hamisi." Hakuniita bwana karani.

Akaenda Kiranjeranje kulima ufuta. Watu wa kwetu hawakumwalika harusini wala hawakwenda kwake msibani. Na mama yako alipofariki, miaka mitano baadaye, yeye alikuja. Alikuja kwa miguu na kitita cha muhogo kichwani, akasimama uani. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Ulimwona, ukasema kwa sauti watu wote wasikie, "Huyu asipewe hata maji." Naye akautua ule muhogo chini, akaomba dua yake akiwa amesimama palepale juani, akarudi.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, Rukia. Hatua nne. Nilimwona anavyojifuta jasho. Ningetoka nikasema neno moja, msiba wa mama yako ungekuwa na mtu mmoja mkweli. Sikutoka. Baadaye shangazi yako alikugombeza kwa utovu wa adabu, na mimi nikakutetea.

Dhambi ile si yako. Nakuandikia ili ujue hivyo, na najua haitasaidia, kwa kuwa maneno ni yako na mtu mwenyewe amekufa. Alizikwa masika iliyopita. Nilisikia habari zake mapema, ningewahi mazishi. Nikajiambia barabara ina matope.

Mama yako alikufa ananishukuru. Bibi yako alikufa anamlaani asiye na kosa. Shabani sijui nimweleze nini. Nimewatafuta wa kunisamehe nimekuta wote wako chini ya ardhi, na wewe sikuombi, kwa sababu nikikuomba utaona huna budi, nami nimekwisha kukuchukulia mengi.

Amebaki mke wa Mzee Chande. Anauza karanga za kuchemsha pale Kiranjeranje basi linaposimama. Nimepita hapo mara nne tangu mumewe azikwe, na kila safari nimekaa upande wa pili wa basi nikajifanya nimelala. Nilipoanza barua hii nilikuwa nimekusudia kukutuma wewe. Nilikuwa nimeandika kabisa: basi likisimama, umwite dirishani, umwambie baba anasema hivi na hivi. Nikaisoma sentensi ile. Nikaona nimemtafuta mtu mwingine wa kumtwika, na safari hii nimemchagua mwanangu. Nimeichana karatasi ile.

Kwa hiyo kesho nitapanda basi moja nawe mpaka Kiranjeranje. Shangazi yako atauliza kwa nini, mwambie aniulize mwenyewe. Kama baada ya kusoma haya hutaki kukaa kiti kimoja nami, kaa unapotaka. Hapo nitashuka, na wewe usishuke. Sina nitakalomwambia yule mama ambalo litamrudishia kitu, na simtegemei anijibu. Usichungulie dirishani kutazama ananifanya nini, na usinipungie mkono, kwa kuwa nitakuwa nimeligeuzia basi mgongo.

Baba yako,
Hamisi